Kichupa cha Kibii

Mume wangu Kibii anaweza kukueleza tumbo la ng'ombe kuanzia mdomoni mpaka mkiani. Asubuhi, kwenye foleni ya kupeleka maziwa, mbele ya watu wazima na heshima zao, atakwambia mavi ya ng'ombe wake jana yalikuwa na rangi gani, mazito au mepesi, na kama aliona minyoo. Hapa kwetu Kuresoi watu humwita yeye kabla hawajamwita daktari wa mifugo. Lakini hebu muulize habari ya tumbo lake mwenyewe. Atakutazama kana kwamba umemwambia avue suruali kanisani.

Nimeishi na mtu huyo miaka thelathini na mmoja. Nikisema ni mkaidi nasema kwa mapenzi, na pia nasema kwa sababu ni mkaidi.

Mwaka juzi tulimzika kaka yake, Bethwel. Mwaka mzima Bethwel alikuwa akisema ana vidonda vya tumbo. Akanywa dawa ya vidonda, akanywa dawa ya amiba, akanywa na mizizi ya kuchemsha ambayo hata aliyemuuzia hakujua jina lake. Alipofika hospitali Nakuru, daktari alisema ni kansa ya utumbo mkubwa na imeshafika kwenye ini. Wakampasua hivyo hivyo. Aliingia kwa miguu yake, akarudi kwenye jeneza. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kibii ana hamsini na minne, na kila nilipomwona akishika tumbo baada ya kula, nilikuwa namwona Bethwel. Sikumwambia. Nilikuwa namuuliza tu kama ameshiba.

Sasa, Mungu alitupa mke wa mwana mwenye akili. Chepkurui ameolewa na mwanangu anayefanya kazi kwenye mitambo ya stima kule Olkaria, na yeye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Anatembea nyumba hadi nyumba na mkoba wake, anapima presha, anauliza watoto wamechanjwa lini. Watu wote wanamsikiliza isipokuwa mmoja. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawaketi karibu, hawataniani, na mambo ya mwili hayapiti kati yao hata kwa bahati mbaya. Wakiwa na neno gumu, linapitia kwangu.

Siku moja Chepkurui aliingia jikoni kwangu, akasimama akitazama sufuria.

"Mama," akasema, "mwambie mzee kuna kipimo tumeletewa. Ni cha watu wa miaka arobaini na tano kwenda juu."

Kibii alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake. Nikamgeukia.

"Mzee, anasema kuna kipimo."

"Nimesikia," akasema Kibii, macho dirishani. "Muulize ni cha nini."

"Ni cha utumbo, mama. Mtu anachukua choo chake, kidogo tu na hiki kijiti, anatia kwa hiki kichupa. Wanaangalia kama kuna damu. Hata ile ambayo macho hayawezi kuona."

Kibii akakohoa, akasimama, akasema anaenda kuangalia mbuzi. Sisi hatufugi mbuzi.

Alipotoka, Chepkurui alishusha sauti. "Mama, kwa vile marehemu alikuwa na hiyo kansa, mzee angefaa aende straight kwa kamera, ile inaingizwa kuangalia utumbo ndani. Lakini kamera atakataa. Wacha tuanze na hii, angalau."

Nilikichukua kichupa nikakiweka mezani karibu na redio yake, mahali ambapo hangeweza kusema hakukiona. Jioni nikamwambia, "Kibii, kichupa hiki kisiporudi na kitu ndani, utaanza kujipikia." Akanung'unika, akaongeza sauti ya redio. Nikajitayarisha kwa vita vya mwezi mzima.

Asubuhi yake, kabla ya chai, akanikabidhi kichupa kimefungwa kwenye karatasi ya unga wa mahindi. Nilishangaa mpaka nikasahau kumpongeza. Chepkurui alikipeleka, na baada ya siku kumi akaja mbio akiwa na tabasamu. Hakuna damu.

Nilichinja jogoo. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ameilinda nyumba yangu, ingawa sikutaja ni sehemu gani ya nyumba. Waumini wakapiga makofi. Kibii alikuwa anatazama viatu vyake, nami nikafikiri ni aibu tu ya kusemwa hadharani. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mazishi ya Bethwel.

Halafu nikafua nguo.

Nilikuwa natafuta kamba ya kuanika, nikazunguka nyuma ya ghala la viazi, nikakuta chupi mbili za mume wangu zimetundikwa kwenye msumari. Kibii hajawahi kufua hata leso. Zilikuwa zimefuliwa vibaya, sabuni imeganda kwenye mshono, na katikati kulikuwa na doa la kahawia ambalo mwanamke yeyote hahitaji kuambiwa ni la nini.

Nilimkuta bandani akimkuna ndama wetu shingoni. Nikainua zile nguo.

"Kibii, hii ni nini?"

Akazitazama, akarudisha macho kwa ndama.

"Kipimo kilisema hakuna damu. Hii ni nini?"

Akaendelea kumkuna ndama. Kisha akasema, polepole sana, "Ile ya kwa kichupa ilikuwa ya huyu."

"Ya nani?"

"Ya ndama."

Nilimtazama ndama. Ndama naye akanitazama.

"Nilikuwa nimempatia dawa ya minyoo juzi yake," Kibii akasema, na nakuapia alisema kama mtu anayejitetea kwa hoja nzuri. "Nilijua huyu ni msafi. Nikaona wakipima yake hawatapata kitu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya banda. Mtu mzima amechagua kwa makini, kati ya wanyama wote wa boma zima, yule mwenye tumbo zuri kuliko wote, ili afanye mtihani badala yake. Kisha kicheko kikageuka, nikajikuta nalia, na ndipo alipomwacha ndama akanijia mimi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tupande viazi."

Viazi tulikuwa tumeanza kuvichimba. Miezi minne mtu ananyamaza kando yangu kitandani.

"Bethwel walimgusa na kisu, ikasambaa," akasema. "Nikaona mimi nisipoguswa, itakaa tu hapo ilipo."

"Nani alikwambia ilisambaa kwa kisu? Ilikuwa imeshafika kwa ini kabla hata hawajanoa hicho kisu! Bethwel alikaa mwaka mzima akitibu amiba ambayo hakuwa nayo. Na wewe unataka kukaa." Nilimpenda wakati ule kuliko siku tuliyooana, na nilitaka kumpiga na mwiko. "Utamwambia Chepkurui. Wewe mwenyewe, na mdomo wako. Mimi nimechoka kuwa posta."

Akasema haiwezekani. Nikasema jioni hiyo hakuna ugali. Akasema mimi ni mwanamke mbaya. Nikakubali.

Tulienda. Chepkurui alikuwa kwenye jiko lake akimenya viazi, na mtoto wake Lynn, wa mwaka mmoja na nusu, ameketi mlangoni akicheza na maganda. Chepkurui alipotuona alisimama, akasalimu, akageuza uso kwa adabu na kuendelea kumenya. Kibii alikaa kwenye kigogo nje, akatazama mlima, akatazama mikono yake. Mwishowe akamtazama mjukuu wake.

"Lynn," akasema, "mwambie mama yako babu alikosea."

Lynn akampa ganda la kiazi.

"Asante. Mwambie mama, ile kitu ya kichupa haikuwa ya babu. Ilikuwa ya ndama."

Kisu cha Chepkurui kikasimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikajua anauma midomo asicheke.

"Na mwambie pia," Kibii akaendelea, sauti ikapungua, "babu anaona damu. Miezi minne sasa."

Mabega yakatulia. Chepkurui hakugeuka. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye leso yake, akamwita mtoto.

"Lynn, mwambie babu kile kipimo kinatafuta damu ya watu. Hata huyo ndama angekuwa anavuja, kisingeona. Sasa mwambie babu mtu ambaye anaona damu kwa macho yake hahitaji kichupa tena. Anahitaji kamera, na haraka. Leo nitapiga simu Nakuru." Akainama, akaokota kisu. "Na umwambie babu nimeshukuru sana amesema."

Kibii alikaa na ganda lake la kiazi mkononi mpaka nikamwinua.

Sitaki kukuficha habari ya dawa ya kusafisha tumbo, kwa sababu hakuna aliyetuambia sisi vizuri. Kabla ya kamera lazima utumbo uwe mtupu kabisa, la sivyo daktari haoni kitu. Siku nzima hakuna kula, ni vinywaji vyepesi tu, vile ambavyo ukitazama unaona chini ya kikombe. Kibii aliwauliza watu wa hospitali kwenye simu, "Na mursik? Hiyo si chakula, hiyo ni maziwa." Akaambiwa hapana. Akauliza kama ni mursik kidogo. Nilimnyang'anya simu.

Tulienda kukaa kwa dada yangu Nakuru, mtaa wa Free Area, ambako choo kiko ndani ya nyumba. Kibii alikunywa lita ya kwanza ya ile dawa akikunja uso, na saa moja baadaye akaingia chooni, akawa ni kama amehamia huko. Dada yangu na watoto wake walihamia kwa jirani. Mimi nilileta kigoda nikaketi nje ya mlango na birika la chai ya rangi.

"Cheruto," akaita kutoka ndani.

"Niko."

"Uko hapo?"

"Nitaenda wapi, na choo umekifunga wewe?"

Maji yakapita.

"Cheruto, nikifa..."

"Hutafia choo cha dada yangu. Atanisema mpaka nizeeke."

Nikamsikia akicheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na nguvu. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, si wakati wa vita vya mashamba, si wakati ng'ombe wetu wanne walipokufa kwa juma moja.

"Naogopa."

Niliondoka kwenye kigoda, nikaketi sakafuni, nikaegemeza mgongo kwenye mlango. Nadhani na yeye aliegemea upande wa pili, kwa sababu mbao zililia.

"Mimi pia naogopa," nikamwambia. "Naogopa tangu Bethwel. Kunywa maji."

Hospitalini tulipokewa na nesi mmoja wa kutoka Kisumu, Adero, mcheshi, mwenye mikono ya joto. Alimpa Kibii gauni la kufungwa kwa nyuma. Kibii akalishika kama limemkosea. "Mzee, hapa sote tuna migongo," Adero akamwambia, "vaa tu." Akamweleza atachomwa sindano ya usingizi, bomba jembamba lenye taa litaingizwa kwa nyuma, na hatasikia maumivu ya maana. Kibii alipoona hakuna njia ya kutoroka, akaanza kumfundisha jinsi ya kumtibu ng'ombe aliyevimba tumbo. Alikuwa bado anaeleza ni upande gani wa kumtoboa, sindano ya usingizi ilipomnyamazisha. Adero akanigeukia akasema, "Huyu nimempenda," na mlango ukafungwa.

Nilibaki kwenye benchi. Nilijaribu kuomba, maneno yakakataa kuja, nikawa nahesabu vigae vya sakafu na kuanza upya. Nilikuwa nimeshafika ukutani mara tatu Adero aliponiita.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa kifungua mimba wangu. Kibii alikuwa ameamka, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, nywele zimesimama. Daktari alituonyesha picha: utumbo wa mume wangu, mwekundu na msafi kuliko nilivyotarajia, na ndani yake kinyama kimeota kwenye shina kama uyoga. Pembeni kulikuwa na kingine, kidogo. Akasema kile kikubwa ndicho kilichokuwa kikitoa damu. Akasema vyote viwili ameviona na ameviondoa papo hapo kwa kitanzi cha waya, na sasa vinaenda maabara.

"Ni kansa?" nikauliza.

"Tusubiri wiki mbili, mama."

Wiki mbili hizo sisemi habari zake. Kibii alichimba hata viazi ambavyo havikuwa tayari.

Tuliporudi, daktari alifungua karatasi akasoma kwanza peke yake, nami nikamchukia kwa sekunde hizo. Kisha akatabasamu. Si kansa. Kile kikubwa kilikuwa cha aina ambayo kikiachwa miaka kadhaa hugeuka, lakini kilikuwa hakijageuka, na sasa hakipo. Kibii arudi baada ya miaka mitatu atazamwe tena. Nikapiga haleluya hadi mtu akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kibii hakutikisika. Alikuwa anaitazama ile picha.

"Daktari," akasema, "ya kaka yangu ilianza hivi?"

"Siwezi kuapa, mzee. Lakini nyingi huanza hivi."

"Ikichukua muda gani?"

"Miaka kumi, wakati mwingine zaidi. Hukua polepole, na mara nyingi mtu hasikii chochote."

"Na ile kazi mlinifanyia juzi. Ilichukua muda gani?"

Daktari akafikiri. "Nusu saa. Pengine haikufika."

Kibii akaitikia kwa kichwa. Daktari akaongeza kwamba kwa historia ya familia yetu, watoto wetu na watoto wa marehemu wasingoje kuumwa, kila mmoja akifika miaka arobaini aje atazamwe. Na mwenye kuona damu, au choo kikibadilika bila sababu, au akikonda ovyo, aje hata kabla ya umri huo. Kibii akaitikia tena. Akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Tulipofika nje, karibu na mama anayechoma mahindi, aliketi kwenye ukingo wa barabara akalia. Sijui kama umewahi kumwona mwanaume wa kwetu akilia barabarani mchana. Mama wa mahindi aligeuka upande mwingine ili asimwaibishe.

"Nusu saa, Cheruto," akasema. "Bethwel alikuwa anachukua nusu saa kuvaa gambuti."

Ilikuwa kweli. Bethwel alikuwa mzito wa kila kitu, na kila asubuhi Kibii alikuwa akimngoja langoni akimtukana kwa upendo. Niliketi kando yake, tukalia pamoja, na katikati ya kulia tukacheka habari ya zile gambuti, tukalia tena.

Hatukupitia nyumbani. Kibii alisema twende kwa Bethwel kwanza. Mjane wake, Chepchirchir, akatuwekea chai, na mwanawe wa kwanza, Kipkemei, akaitwa kutoka shambani. Alikuja na udongo mikononi, akaketi karibu na mlango kama watoto wa kiume wanavyoketi mbele ya baba zao. Kipkemei ametimiza miaka arobaini mwaka huu, na akikaa kimya ni Bethwel mtupu.

Kibii hakuzunguka. Mume wangu, ambaye alikuwa akienda kuangalia mbuzi wasiokuwepo, alisema choo, alisema damu, alisema njia ya nyuma, mbele ya mjane wa kaka yake na mbele yangu. Chepchirchir akavuta shali akafunika mdomo. Kibii akaendelea. Alieleza uongo wake wote bila kujipunguzia, alieleza dawa, bomba, kile kinyama chenye shina, na ile nusu saa. Alipofika kwenye nusu saa alikunywa chai kwanza, akaendelea.

"Baba yako hatukujua," akamwambia Kipkemei. "Sasa tunajua. Daktari amesema miaka arobaini, na wewe umefika."

Kipkemei alikuwa ameinamisha kichwa akitoa udongo kwenye ukucha. Aliutoa kwa muda mrefu. Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Baba mdogo," akasema bila kuinua macho, "mimi naona damu tangu Krismasi."

Mama yake akaweka kikombe chini.

"Umemwambia nani?" Kibii akauliza.

"Sijamwambia mtu."

Kibii akainuka, akaenda kuketi naye pale mlangoni, akamshika ule mkono na udongo wake wote.

"Basi sasa umeniambia mimi," akasema. "Kesho tunaenda."